Kiwanja Hiki Hakina Makaburi

Kabla lami haijafika Nsuube, mtu aliyeulizia bei ya ardhi huko watu walimtazama mara mbili, wakamuuliza kama amekula. Watu wa Kampala walikuja msimu wa mvua kuokota uyoga, wakaumwa na siafu, wakarudi kwao wakisifu hewa. Kisha lami ikaja. Ilisimama kilomita mbili kabla ya kufika, mkandarasi akasema mawe yamekwisha, ingawa ghorofa lake yeye lilikamilika mwezi huohuo. Haidhuru. Kilomita mbili za vumbi hazimzuii mtu aliyechoka kumlipa mwenye nyumba wa mjini. Nsuube ikalala kijiji, ikaamka mji.

Wa kwanza kunusa alikuwa Wasswa Lubwama. Wakati huo alikuwa akiandika vyeti vya ubatizo kanisani kwa ujira wa chai na mkate, kwa sababu hati yake ilinyooka kama ya mashine. Mauziano ya kwanza yalipofanyika pale kijijini, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hati yake ilifanana na nyayo za kuku, alimwita aje kuandika mkataba. Wasswa akaandika, akapewa asilimia yake, akaitazama ile pesa, na tangu siku hiyo watoto wa Nsuube wakabatizwa bila vyeti.

Akawa dalali. Alijua shamba la nani lina mgogoro, mjane gani ana shemeji mkorofi, kinamasi kinafika wapi wakati wa mvua na wateja waletwe mwezi gani ili wasikione. Aliuza viwanja vya futi hamsini kwa mia kama mtu akataye keki ya harusi, na kila kipande alikipa jina. Bonde la vyura likawa Bustani za Kifalme. Mahali ambapo Mzee Bbosa alikuwa akifunga nguruwe pakawa Mwinuko wa Amani, na hapakuwa na mwinuko wowote isipokuwa kichuguu.

Mnunuzi wa Nsuube aliogopa mambo mawili: kinamasi na makaburi. Kinamasi dawa yake kiangazi. Makaburi yalikuwa taabu, kwa sababu kila familia ya pale imezika watu wake nyuma ya migomba tangu enzi za babu wa babu, na kiwanja chenye kaburi hushuka bei kwa theluthi hata kama aliyelala humo alikuwa mtu mpole. Wapo waliofuata utaratibu: wakaita ukoo, wakafukua, wakaviringisha mifupa katika nguo mpya ya gome la mtuba, wakahamisha. Lakini ukoo ukiitwa lazima ule, na ukoo wa Kiganda ukila hausimami mapema.

Ndipo Wasswa alipogundua fani yake. Kaburi ni tuta, na kiazi kitamu kinataka tuta. Unaondoa mawe ya kuzungushia, unachimbia marando, unangoja wiki tatu, unaleta mteja.

"Lakini usiweke tuta moja," alimfundisha Peragiya, mwanamke aliyeacha biashara ya mkaa akamfuata kujifunza udalali. "Tuta moja peke yake ni kaburi. Hata kipofu atajua. Weka kumi, weka kumi na mawili. Yakiwa mengi ni shamba."

"Mwalimu, wewe shetani alikukosa kidogo tu," Peragiya alisema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Na mwisho wa kila mkataba, kwa ile hati yake ya ubatizo, Wasswa aliandika: Kiwanja hiki hakina makaburi. Mwenyekiti akagonga mhuri, soda zikafunguliwa.

Mamake alikuwa Nnaalongo Yunia. Nnaalongo ni cheo. Mama akizaa mapacha jina lake la zamani linawekwa kando. Wasswa ndiye aliyetangulia kutoka, Kato akamfuata. Wakiwa na miaka saba Kato alishikwa na surua, akaruka. Pacha hafi, huruka. Mtu akisema amekufa, wazee watamtaka ateme mate chini. Kato alilazwa nyuma ya migomba, na miaka mingi baadaye Ssaalongo, baba yao, akalazwa kando yake. Kati yao iliachwa nafasi ya mtu mmoja. Nnaalongo aliipalilia nafasi hiyo kila Jumamosi, kama mtu atandikaye kitanda chake mwenyewe.

Shamba la familia liliyeyuka polepole, hivi kwamba hakuna siku ambayo mtu angesema ndiyo leo. Sehemu ya chini ikaenda kwa ada za watoto. Kahawa ikaenda kwa harusi. Hata shamba la wajomba zake kule Bulamba, alikozaliwa Nnaalongo, Wasswa aliwauzia yeye mwenyewe, na marando akapanda yeye mwenyewe. Kisha bei ikapanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na wateja wakaanza kuja na magari.

"Dalali wa miguu huwauzia watu wa miguu," Wasswa alimwambia mwenyekiti. "Nikiwa na gari nitauza kwa wenye magari."

"Na gari utalitoa wapi?"

Wasswa alikuwa akitazama kule kwenye migomba.

Nnaalongo aligundua mawe kwanza. Alikwenda Jumamosi na jembe lake, akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Wasswa, mawe ya baba yako yamekwenda wapi?"

"Nimeyatoa, mama. Nataka kuwajengea kwa saruji. Yeye na Kato. Na vigae juu."

"Vigae?"

"Vya bluu."

Nnaalongo alikaa chini. Jumapili aliwaambia akina mama wote wa kanisa, na wiki nzima alitembea kama mwenye mtoto waziri. Wiki ya pili akaona marando.

"Na haya?"

"Fundi amesema udongo ulainike kwanza kabla ya saruji. Viazi vinalainisha."

"Fundi gani huyo anayelima?"

"Wa siku hizi, mama."

Nnaalongo alikuwa amelima viazi miaka sitini. Alichukua jembe akaenda kuyapalilia.

Mnunuzi alikuwa Kemirembe, mwanamke wa Mbarara aliyeosha wazee wa Uswidi kwa miaka kumi na minane na sasa alitaka kurudi azeekee mahali penye jua. Alikuja mara moja, akatembea kwenye viazi kwa viatu vyeupe, akauliza swali moja tu: "Hapa pana makaburi?" Wasswa akacheka kidogo, akasema, "Madam, hapa kuna viazi." Mkataba ukaandikwa na mhuri ukagongwa. Kibanda cha Nnaalongo na kiuga chake kidogo vilibaki nje ya mpaka, na Wasswa akanunua gari, Premio iliyokwisha kutumika Japani na Dubai, ikafika Nsuube imechoka kama mjumbe wa vita.

Jambo moja jema alifanya, na ni haki lisemwe. Mchora ramani alipokuja, Wasswa alimwambia nyumba ikae mbele, kwa sababu nyuma udongo ni laini. Kwa hiyo hakuna aliyefukuliwa. Nyuma pakawa na ua tu, vitofali vya sakafu mahali pa kuegesha gari, na nyasi kidogo penye kamba ya nguo.

Ukuta ulipofika kimo cha kifua Nnaalongo alimwita mwanawe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja upande, hajainua sauti.

"Umemuuza Kato?"

"Sijamuuza Kato, mama. Nimeuza kiwanja."

"Kato alikuwa wapi?"

Wasswa alitazama funguo za gari mkononi mwake.

"Na mimi," mamake akasema, "siku yangu ikifika nitapitia wapi?"

"Nitazungumza na mwenyewe, mama. Ni mtu mwelewa. Amekaa Ulaya."

"Utakwenda wewe. Umwambie kwa mdomo wako, wewe uliyeandika. Usimtume mwenyekiti, usimtume mchungaji. Mimi sina neno lingine, mwanangu. Nataka nilale pale katikati. Basi."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Akirudi."

Kemirembe alirudi. Alihamia, akaweka pazia, akapanda maua, akaanza kuishi kama wanavyoishi wakazi wapya wa Nsuube: wanafahamiana kwa honi za magetini, na anayekutana na jirani yake uso kwa uso ujue maji yamekatika. Wasswa alipita getini pale kila siku. Leo alikuwa na mteja. Kesho gari lilikuwa bovu. Keshokutwa madam alionekana amechoka. Miaka miwili ilipita hivyo.

Ukuta ule ulikuwa na tundu la kutolea maji ya mvua, chini kabisa, upana wa sufuria ndogo, linalomwaga kwenye kiuga cha Nnaalongo. Kila asubuhi baada ya chai kikongwe alibeba kigoda, akaketi mbele ya tundu, akainama. Alimweleza Ssaalongo nani ameoa, kahawa imefika bei gani, nani amehamia na mbwa wa namna gani. Kwa Kato alishusha sauti, kwa sababu Kato alikuwa bado na miaka saba.

"Nnaalongo anapiga simu," waendesha bodaboda walisema wakipita.

"Na ya bure," Peragiya akaongeza. "Sisi wengine tunakatwa kila dakika."

Wasswa alicheka pamoja nao. Angefanya nini? Siku moja, hapakuwa na mtu, alichuchumaa pale mwenyewe akachungulia. Aliona tairi la gari la Kemirembe limetulia juu ya kifua cha baba yake, na nyuma yake shuka nyeupe zikipepea juu ya Kato. Alisimama upesi, akajipangusa magoti, akaenda kumwonyesha mtu kiwanja.

Nnaalongo aliugua mwanzo wa mvua za Aprili. Hakuchukua muda mrefu. Mchana wa Jumanne alimshika mwanawe mkono, akauliza, "Ulikwenda?" Wasswa akasema, "Nilikwenda, mama. Amekubali." Mama akafumba macho. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyefunguliwa kilemba kilichobana. Alasiri alikuwa ameondoka.

Basi sasa ilibidi kweli aende.

Kiuga kilikwisha kujaa watu. Wanawake walikuwa ndani wakimwosha na kumviringisha katika nguo za gome, wanaume nje wakizungukia moto, wakingoja kuambiwa wachimbe wapi. Mzee wa ukoo, Kaggwa, mwenye masikio makubwa na subira ndogo, alimtazama Wasswa.

"Majembe yako tayari. Tunachimba wapi?"

"Nakuja," alisema Wasswa.

Kemirembe alimfungulia mwenyewe. Alikuwa ameshasikia vilio, amefunga kitenge kiunoni kama inavyopasa.

"Pole, bwana Wasswa. Pole sana. Mama alikuwa akinisalimia kupitia kwenye tundu."

"Asante, madam."

"Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja na neno. Mama alitaka kulala humu. Ndani ya ua wako. Baba yangu yumo. Na pacha wangu."

Kemirembe aliingia ndani, akatoka na faili. Miaka kumi na minane ya Uswidi humfundisha mtu kuweka karatasi. Akamnyooshea mkataba, kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Nisomee hapa. Miwani yangu iko juu."

Miwani yake ilikuwa inaning'inia kifuani.

"Kiwanja hiki hakina makaburi," Wasswa alisoma.

"Hati ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Sasa nisikilize, bwana. Mimi nimewaosha wafu wa watu nisiojua majina yao. Siwezi kumzuia mama kulala na mumewe. Ukinionyesha hapa walipo, nitafungua geti, nitaondoa gari, hivi vitofali nitaving'oa mimi mwenyewe. Mama ataingia leo. Lakini sitakudanganya. Baada ya matanga nitakwenda mahakamani. Uliniuzia nyumba ya watu ukaniambia ni viazi. Utarudisha pesa, wewe na mwenyekiti wako, na mkishindwa mtafungwa." Akakunja faili. "Nionyeshe waliko."

Gari lilikuwa palepale, linameremeta. Kwenye kamba kulikuwa na foronya mbili na sare ya kazi. Ng'ambo ya ukuta wanawake walianzisha wimbo wa kanisa, na sauti zilipita kwenye tundu chini, nyembamba, kama zinatoka ardhini.

Wasswa alifikiria pesa, ambayo ilikwisha kuwa gari, na gari, ambalo lilikwisha kuwa kibanda cha kuku wa jirani, limeinuliwa juu ya mawe. Alimfikiria mwenyekiti, mtu mwenye sukari na wake wawili. Alifikiria kibanda cha mamake, ndicho kilichobaki, na jela ya Luzira. Kisha akamfikiria mamake. Alimfikiria mwisho, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: kwamba alipanga foleni na mamake akasimama nyuma.

"Madam," alisema, "mama alikuwa mzee. Alichanganya mambo. Baba yangu yuko Bulamba, kwenye ukoo wa mama. Mimi nilitaka tu kumridhisha."

"Hakuna mtu hapa?"

"Hakuna."

"Sema yote."

"Kiwanja hiki hakina makaburi."

Kemirembe alimtazama kwa muda mrefu, kama atazamavyo muuguzi kidonda kinachonuka. Kisha akaingia ndani, akarudi na bahasha ya rambirambi, akampa kwa mikono miwili. Wasswa akaipokea kwa mikono miwili. Adabu haikupungua hata chembe.

Kiugani Mzee Kaggwa alikuwa ameshika jembe.

"Amesemaje?"

"Amekataa."

"Amekataa?" Mzee aligeukia ukuta, akatema mate. "Watu wa Ulaya hawa. Hawana utu."

Wote wakatikisa vichwa na kumlaani Kemirembe kwa dakika nzima. Wasswa hakumtetea.

"Basi chimbeni pale," alisema. "Kwenye tundu."

"Kiuga kizima hiki, unamzika mama kwenye mfereji?"

"Pale pale, mzee. Kichwa kiguse ukuta."

Wakachimba. Kemirembe alitokea kwenye dirisha la juu. Alitazama jeneza likishushwa, lilivyosukumwa mpaka likagonga msingi wa ukuta, wakati nyuma yao kulikuwa na nafasi ya kuzika ukoo mzima. Alimtazama Wasswa alivyopiga magoti akaweka kiganja ndani ya lile tundu, akakiacha humo. Kisha akageuka, akatazama gari lake. Pazia likafungwa.

Hakwenda mahakamani, hakuwa na wa kumwonyesha hakimu. Lakini tangu siku hiyo gari lake lililala nje ya geti barabarani, na nguo alianika barazani. Mwezi wa Julai alikwenda zake Mbarara, nyumba akampa Peragiya aiuze.

Peragiya alikuja Jumatatu moja asubuhi, jembe begani, rundo la marando chini ya kwapa. Alisimama mbali kidogo, hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Hayo ya nini?"

"Mteja wangu anakuja mwisho wa mwezi. Ghorofani ukifungua dirisha, kitu cha kwanza ni Nnaalongo." Alitazama chini. "Akiuliza mbona amezikwa ubavuni mwa ukuta, nitajibu nini? Ataulizia mkataba wa zamani. Na ule, samahani, uliandika wewe."

Wasswa alikaa kwenye kigoda cha mamake.

"Ni mpaka auziwe tu," Peragiya alisema. "Kisha tutayang'oa. Mimi Nnaalongo alikuwa ananipa ndizi. Sipendi hata kidogo."

Alisubiri. Kisha alikwenda kwenye tuta la Nnaalongo, akatoa mawe taratibu, akayapanga kando, akaanza kuchomeka marando. Akatengeneza na tuta la pili kando yake, akarudi nyuma kulitazama.

"Umekosea," alisema Wasswa.

"Nini?"

"Mawili ni makaburi mawili." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Ukubwa hauwi sawa. Na ya kwanza yasianzie ukutani, macho yatakwenda huko. Lete jembe."

Akavua shati. Alilima mpaka jua likawa utosini, Peragiya akimkatia marando. Akapata matuta kumi na mawili, yamepinda kidogo kama yapindavyo matuta ya mama mwenye mgongo mbovu, mazuri, ya kweli. Hakuna mnunuzi duniani angeyatilia shaka.

Nyumba iliuzwa Agosti, kwa bei ambayo Nsuube haikuwahi kuisikia. Mwenye nyumba mpya alimwaga zege ua mzima, na tundu akaliziba kwa sababu ya panya. Peragiya aliambiwa angoje kidogo kuyang'oa marando, maana kiwanja cha upande wa pili nacho kimeingia sokoni.

Mvua za Septemba zikaja, marando yakatambaa, yakafunika kiuga chote, majani juu ya majani. Jumamosi moja Wasswa alitoka na jembe kwenda kumpalilia mamake. Alisimama ukutani akatafuta: lile lililo mbele ya tundu. Lakini tundu lilikuwa limezibwa na kupigwa lipu, hata alama haikubaki. Akahesabu kutoka kona. Akahesabu tena kutoka mlangoni. Kisha akaanza na tuta la kwanza, akapalilia yote kumi na mawili.